Kompyuta ya Linux Haioni Wi-Fi: Nilivyoifuatilia Mpaka Ikakubali

Mpwa wangu alipopata nafasi ya chuo nilimnunulia kompyuta mpakato iliyotumika, nikafuta kilichokuwemo na kuweka Linux Mint 21. Usiku ule ule akaja nayo sebuleni. "Mjomba, simu yangu inaona Wi-Fi ya hapa na hata ya jirani. Hii haioni hata moja."

Kwa maneno hayo alikuwa ameshanipa nusu ya jibu. Simu inapata intaneti, basi ruta ni nzima na bando lipo. Tatizo limo ndani ya kompyuta. Lakini sikumsikiliza. Nilishika simu yangu, nikatafuta maelezo, nikaanza kunakili amri moja baada ya nyingine kwenye teminali. Mojawapo ilifuta faili la /etc/resolv.conf. Iliyofuata ilipaswa kuliandika upya, ikagoma, nami nikapita kama sikuona. Kosa hilo nililipia kesho yake.

Kulipokucha nilianza upya, safari hii kwa kuuliza kwanza bila kubadilisha kitu. Swali la mwanzo ni kama kadi ya Wi-Fi imefungwa. Amri yake ni:

rfkill list

Kila kadi hupewa mistari miwili. "Soft blocked: yes" maana yake imefungwa na programu, na "rfkill unblock all" huifungua. "Hard blocked: yes" maana yake imefungwa na swichi au kitufe, na hapo hakuna amri itakayosaidia, tafuta kitufe chenyewe, mara nyingi kiko safu ya juu ya kibodi. Kwangu ilitajwa Bluetooth peke yake. Kadi ya Wi-Fi haikutajwa kabisa, yaani hakuna programu iliyokuwa imeishika.

Nikaandika:

lspci -nnk

Ni orodha ndefu, lakini wewe tafuta mstari wenye "Network controller". Niliuona: BCM43142, na mwishoni namba ndani ya mabano, 14e4:4365. Namba hizo ziandike kwenye karatasi. Zenyewe ndizo jina halisi la kadi yako, na ukiomba msaada popote zitaje kabla ya aina ya kompyuta, kwa sababu kompyuta mbili za jina moja zinaweza kubeba kadi tofauti. Chini yake kuna maneno "Kernel driver in use", yanayotaja draiva inayoiendesha kadi. Chipu hii ya Broadcom huendeshwa na draiva iitwayo wl, ambayo leseni yake hairuhusu iingizwe ndani ya keneli ya Linux, hivyo huongezwa baadaye. Kwangu wl haikuwepo. Kadi haikuwa mbovu, ilikosa wa kuiendesha tu.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa: draiva iko kwenye intaneti, na intaneti inahitaji draiva. Njia ya kutokea iko mfukoni. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya simu, uwashe kugawa intaneti kwa USB. Linux huiona simu kama waya wa kawaida wa mtandao, bila kuhitaji draiva ya ziada. Hakikisha tu waya unapitisha data. Zipo nyaya zinazochaji na kuishia hapo. Kama bando ni dogo, ile flashi uliyotumia kuweka Mint inabeba draiva hii tayari, na programu ya Mint ya kusimamia draiva inaweza kuichukua humo.

Nilichomeka simu, alama ya mtandao ikawaka, nikaandika "sudo apt update". Jibu: "Temporary failure resolving 'archive.ubuntu.com'". Mpwa wangu alikuwa ameinama begani kwangu. "Sasa imeunganika au haijaunganika?"

Ilikuwa imeunganika. Nilimwonyesha kwa amri mbili:

ping -c 3 1.1.1.1
ping -c 3 archive.ubuntu.com

Ya kwanza ilijibu mara tatu. Ya pili ilishindwa. Kompyuta hutafutana kwa namba. Majina ni yetu sisi watu, na DNS ndiyo hugeuza jina kuwa namba. Namba ikijibu na jina lisijibu, njia ni nzima ila hakuna wa kuulizwa majina. Zikigoma zote mbili, rudi nyuma utazame "ip a": anwani inayoanza na 169.254 inamaanisha kompyuta haikupewa anwani na ruta, ikajipa yake.

Basi lile faili nililofuta usiku likadai haki yake. Kwenye Mint 21, /etc/resolv.conf ni kiungo kinachoelekeza kwenye faili lingine, ambalo mfumo wenyewe hulisasisha kila ukihama mtandao. Nilikirudisha hivi:

sudo ln -sf ../run/systemd/resolve/stub-resolv.conf /etc/resolv.conf

Jina likajibu papo hapo. Kisha draiva:

sudo apt update
sudo apt install bcmwl-kernel-source

Katikati ya kusakinisha ikaniomba nibuni nywila kwa ajili ya Secure Boot. Niliandika yoyote, nikawasha upya. Skrini ya bluu ikatokea ikihesabu sekunde kumi, nikaiacha ipite. Wi-Fi bado haikuwepo, na "sudo modprobe wl" ikajibu "Key was rejected by service".

Secure Boot hukubali tu draiva zenye sahihi inayoaminika. Draiva ya wl hujengwa ndani ya kompyuta yako mwenyewe, kwa hiyo sahihi yake ni ngeni, na mgeni hupelekwa kwa mjumbe wa nyumba kumi akatambulishwe. Ile skrini ya bluu ndiyo utambulisho wenyewe. Nilirudia:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Nikabuni nywila, nikaiandika kwenye karatasi, nikawasha upya. Safari hii nilibonyeza kitufe kabla sekunde hazijaisha, nikachagua "Enroll MOK", kisha "Continue", kisha "Yes", nikaandika nywila ile ile na kuwasha tena. Wengine huzima Secure Boot kabisa. Mimi siipendi njia hiyo kwa kompyuta ya mwanafunzi itakayochomekwa flashi za kila mtu, na utambulisho wenyewe ni wa dakika mbili.

Ilipowaka, majina ya Wi-Fi yalijaa kwenye orodha. Mpwa wangu akayapitia kwa kidole. "Mjomba, mbona lile lenye 5G mwishoni halipo? Kwenye simu lipo." Chipu hii inasikia masafa ya GHz 2.4 tu, na lile jina ni la GHz 5. Nikamwonyesha jina la pili la ruta ile ile, lisilo na 5G. Akaandika nywila, akafungua tovuti ya chuo kutafuta fomu ya hosteli.