Siku Tatu katika Mji wa Fez

Msafiri wa pwani yetu anayeazimia kuitazama nchi ya Moroko kwa mara ya kwanza, na ambaye ruhusa yake ya kazi haizidi juma moja, aghalabu hushikwa na tamaa ya kuitembea nchi nzima: asubuhi Casablanca, jioni Marrakech, kesho yake jangwani juu ya ngamia, na mtondo Tangier akiitazama Hispania ng'ambo ya mlango wa bahari. Rai yangu ni kinyume cha hayo. Mwenye siku chache na achague mji mmoja, na ndani ya mji huo mtaa mmoja, akae humo mpaka muuza mikate aanze kumjua sura. Na kama hiari ingekuwa yangu, ningemwelekeza Fez kabla ya Marrakech, ijapokuwa Marrakech ndiyo yenye sifa nyingi zaidi vinywani mwa watalii.

Sababu moja ya upendeleo huu inatuhusu sisi wenyewe. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kutuachia habari za misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi na za sultani mkarimu aliyelakabiwa Abu al-Mawahib, aliikamilisha simulizi ya safari zake katika mji wa Fez mwaka 1355, yeye akisimulia na katibu Ibn Juzayy akiandika, kwa amri ya Sultani Abu Inan wa ukoo wa Marini. Basi sehemu kubwa ya yale tuyajuayo juu ya Kilwa ya zama zile kutoka kwa mtu aliyeiona kwa macho yake ilitiwa wino huko, na madrasa aliyoijenga sultani yule yule ingali imesimama, mlango wazi, hatua chache tu kutoka lango ambalo wageni wengi huingilia mjini.

Ama kuhusu majira, chagua baina ya Machi na Mei, au baina ya Septemba na Novemba. Fez iko mbali na bahari, na joto lake la Julai na Agosti ni kavu na kali, hata yule aliyezoea jua la Tanga au Malindi hulilalamikia kwa kukosa upepo wa kuliliwaza; na Januari, nyumba za kale zenye sakafu za vigae huwa na baridi ya kupenya mifupani, ambayo kanzu moja haitoshi kuizuia. Ukijaliwa kwenda katika mwezi wa Ramadhani utauona mji katika hali yake ya ibada na futari, lakini mchana maduka mengi hufunguliwa kwa kuchelewa na mikahawa ya wenyeji hufungwa. Saa za Moroko ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa mbili, na katika Ramadhani kwa saa tatu.

Mambo ya karatasi yatazamwe mapema: uliza habari za visa kwa ubalozi kabla ya kulipia tiketi, wala usitegemee maneno ya rafiki aliyesafiri miaka iliyopita, maana kanuni hubadilika. Fedha ya nchi ni dirham, ambayo hairuhusiwi kutolewa nje ila kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo chukua euro au dola, ubadilishe baada ya kufika, na ukumbuke kwamba shilingi yetu haina soko huko. Omba noti ndogo na sarafu, kwa kuwa muuza chai hana chenji ya noti ya mia mbili. Plagi zao ni za pini mbili za mviringo, si zile za pini tatu za mraba tulizozoea. Adapta moja ndogo itakuepusha na udhia.

Njia ya kawaida kutoka kwetu hupitia Cairo, Doha, Dubai au Istanbul hadi uwanja wa Mohammed V ulioko Casablanca, na kutoka uwanjani treni hukuchukua mpaka stesheni ya Casa-Voyageurs, ambapo utapanda nyingine ya kwenda Fez. Safari hiyo ya takriban saa nne, kupitia Rabat na Meknes, ni ya raha, na kwa tofauti ndogo ya nauli daraja la kwanza hukupa kiti chenye nambari yako. Stesheni ya Fez imo katika mji mpya, uliojengwa na Wafaransa baada ya mkataba wa himaya uliotiwa saini mjini humo mwezi wa Machi 1912. Mji huo mpya una barabara pana, benki na mikahawa, na ukiupita bila kuuangalia sana hutakuwa umepoteza kitu. Chukua teksi ndogo nyekundu, umwombe dereva awashe mita, na ujue kwamba hairuhusiwi kuchukua abiria zaidi ya watatu.

Teksi itakuacha langoni, kwani motokaa haziingii katika mji wa kale. Hapa ndipo akili za mgeni hutibuka. Aijuaye Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja ataona kama amefika nyumbani: vichochoro vyembamba, kuta ndefu zisizo na madirisha ya chini, punda na mizigo yao, lakini Unguja ukipotea utaisikia bahari na kujua ulipo, na Fez haina bahari, tena ina vichochoro kwa maelfu, vingi vyao visivyo na upande wa pili. Ramani ya simu husaidia kidogo kisha hukanganyika baina ya kuta. Kanuni ya kushika ni nyepesi: mji umekaa bondeni, na njia zinazoteremka huelekea kwenye mto na Msikiti wa Qarawiyyin, na zinazopanda huelekea kwenye malango. Kutoka lango la Bab Bou Jeloud, lenye vigae vya buluu upande wa nje na kijani upande wa ndani, zinateremka njia mbili kuu, Talaa Kebira na Talaa Sghira. Ukizijua hizo mbili, na ukijua unashuka au unapanda, huwezi kupotea kupotea kwa hatari. Utapotea kupotea kwa faida.

Malazi yatafute ndani ya kuta hizo, katika nyumba za kale zenye ua wa kati, mchungwa na chemchemi, ambazo nyingi zimegeuzwa nyumba za wageni. Nazo, wala si hoteli za mji mpya, ndizo zitakazokuonyesha jinsi Waarabu wa magharibi walivyoficha uzuri nyuma ya ukuta mtupu. Mwombe mwenye nyumba atume mtu akupokee langoni siku ya kwanza. Usipofanya hivyo utapokewa na kijana mwenye tabasamu atakayekuambia kwamba njia unayoifuata imefungwa, na kwamba yeye, kwa mapenzi ya Mungu tu, atakuonyesha nyingine. Mapenzi hayo hudai malipo mwishoni, na wakati mwingine hupitia kwanza dukani kwa ami yake. Mjibu kwa adabu, “La, shukran,” uendelee kutembea kama mtu ajuaye aendako. Kiongozi wa kweli ana kitambulisho cha serikali, na kwa nusu siku ya kwanza nakushauri umwajiri mmoja, ukimwekea sharti tangu mwanzo kwamba hutaki kuingizwa madukani.

Siku hiyo ya kwanza itoe kwa elimu na ibada. Anza na madrasa ya Abu Inan, inayoitwa Bou Inania, iliyomalizika katika miaka ya 1350, ambayo nakshi zake za mbao, chokaa na vigae hupandana kutoka sakafuni hadi paani bila kuacha mahali pa kupumzisha jicho. Teremka polepole mpaka madrasa ya Attarine ya mwaka 1325, ndogo zaidi na kwa macho yangu nzuri zaidi. Na ukifika hapo umefika ubavuni mwa Qarawiyyin. Msikiti huu, kwa mapokezi ya wenyeji, uliasisiwa mwaka 859 na Fatima al-Fihri, binti wa mhamiaji kutoka Qayrawan, na kwa karne nyingi ukawa chuo kilichovuta wanafunzi kutoka pande zote za Maghribi. Asiye Mwislamu haruhusiwi kuingia misikitini Moroko, isipokuwa ule mkubwa wa Hassan II ulioko Casablanca. Ua wa Qarawiyyin atautazama kupitia mlangoni, jambo ambalo wenyeji hawalichukii maadamu hakuwasumbua wanaosali. Msafiri Mwislamu ana bahati zaidi. Ataona watu wakisali mikono ikiwa imeachiwa ubavuni kwa madhehebu ya Maliki, jambo litakalomshangaza Mshafii wa Mombasa lakini si Mwibadhi wa Maskati, na akibaki baada ya Magharibi atasikia jamaa wakisoma hizb ya Kurani kwa sauti moja kwa riwaya ya Warsh, ambayo huku kwetu haisikiki sana. Jirani amezikwa Sheikh Ahmad al-Tijani, mwasisi wa tarika ya Tijaniyya, aliyefariki mjini mwaka 1815, na katika zawiya yake utakutana na wazuru kutoka Senegal na nchi nyingine za Afrika Magharibi, weusi wenzako waliokuja kwa jambo lisilohusiana na utalii hata kidogo.

Siku ya pili ni ya masoko, na uende peke yako. Asubuhi mapema, kabla jua halijakaza harufu, nenda Chouara kuwatazama wadabaghi ngozi wakizamisha ngozi katika mabirika ya chokaa na kinyesi cha njiwa, kisha katika mabirika ya rangi, wakisimama humo hadi mapajani kama walivyosimama babu zao. Utatazama kutoka juu ya mapaa ya maduka ya ngozi, utapewa tawi la nanaa la kuwekea puani, na utatarajiwa kununua. Kama huna nia ya kununua, toa dirham chache kwa aliyekufungulia mlango, mambo yaishe. Uwanja wa Seffarine, ambapo mafundi hugonga masufuria ya shaba, unastahili kikombe cha chai kilichonywewa bila haraka. Ukisikia “Balak!” nyuma yako, jibanze ukutani papo hapo, bila kugeuka kuangalia: nyumbu aliyebeba mitungi ya gesi hana breki.

Katika kupatana bei, anayejua soko la Kariakoo au Marikiti hahitaji somo, ila aongeze subira, kwani kwao mazungumzo ni sehemu ya bidhaa. Usitaje bei usiyo tayari kuilipa. Ukiitaja na ikakubaliwa, umeshanunua.

Chakula cha mji ni hoja peke yake. Kifungua kinywa cha maskini ni bisara, supu nzito ya maharagwe makavu iliyotiliwa mafuta ya zeituni na bizari nyembamba, inayouzwa katika vibanda vidogo na kuliwa na mkate wa moto. Ni rahisi mno na hushinda vyakula vingi vya mikahawa yenye mapaa ya kutazamia mji. Bastila hutengenezwa kwa tabaka za manda nyembamba, nyama ya njiwa au kuku, mayai na lozi, kisha juu hunyunyizwa sukari na mdalasini, na ulimi wa Mswahili, uliozoea kutenga tamu na chumvi, utahitaji matonge mawili kabla ya kutoa hukumu. Harira, ya nyanya, dengu na adesi, ni ya jioni.

Ijumaa maduka mengi ya mji wa kale hufungwa, hasa baada ya adhuhuri, na nyumba zote hula kuskusi. Kwa hiyo panga siku zako zisiangukie hapo, au uiache Ijumaa iwe siku ya sala na mapumziko. Siku ya tatu itumie upande wa pili wa mto, mtaa wa Waandalusi, ambao watalii ni wachache na watoto ni wengi. Na alasiri panda kwa teksi hadi magofu ya makaburi ya Marini kilimani, uuone mji wote chini yako, ukirejea kabla ya giza kwa kuwa mahali pale ni pa upweke. Magofu ya Kirumi ya Volubilis yatakushawishi. Yaache kwa safari nyingine.

Usiku wa mwisho agana na mchukuzi mwenye mkokoteni na mpatane bei mapema, na kama ndege yako inaruka Casablanca kabla ya adhuhuri, ondoka Fez siku iliyotangulia ulale huko.