Kabla hujatoa bwate ya Land Cruiser ya baba

Wadogo zangu, leo tuingie garajini. Mdogo wangu mmoja wa Kipese ananiuliza jambo ambalo najua linawasumbua wengi wenu mnaobeba mavuno kwa gari la familia. Baba yake alimwachia Land Cruiser pikapu, HJ47 yenye motere ya dizeli ya silinda sita, na ndiyo inayoteremsha viazi, kabichi na poaro hadi Butembo. Sasa bwate inalia, na vitesi ya pili inaruka. Kaka yake anataka watoe ile ya vitesi nne waweke ya vitesi tano, kwa sababu gudro inakuja. Shofere anamuunga mkono kaka. Fundi ameshataja bei. Yeye mwenye gari ndiye peke yake ambaye hajaulizwa gari linafanya kazi gani.

Basi mimi yaya yako nakuuliza. Gari lako linalala wapi, linapakia wapi, na linapanda mlima gani likiwa na mzigo?

Kuhusu gudro, kaka yako hakudanganya. Tarehe 16 Juni 2021 Rais Tshisekedi na Rais Museveni walikutana mpakani, Kasindi na Mpondwe, wakazindua mradi wa barabara wa kilomita 223. Kasindi hadi Beni ni kilomita 80, Beni hadi Butembo 54, na zilizobaki ni za Bunagana, Rutshuru na Goma. Hesabu mwenyewe: hakuna hata moja inayopanda Kipese. Gari lako litaendelea kukanyaga udongo ule ule, na mvua ikinyesha utajua wewe na tope lako.

Kwa hiyo tuanze na vitesi ya kwanza, si ya tano. HJ47 ilitengenezwa kati ya 1980 na 1984, motere yake ni 2H, karibu lita nne. Si motere ya mbio, ni ya kuvuta polepole. Bwate za vitesi nne za ukoo huo ziko za aina mbili, na kwa nje zinafanana. H41 vitesi yake ya kwanza ni 4.925: motere inazunguka karibu mara tano ndipo propela izunguke mara moja. H42 ni 3.555. Tofauti hiyo utaisikia mlimani, gari likiwa limejaa na shofere akilazimika kuondoka kutoka kusimama. Ya kwanza inatoka kwa utulivu. Ya pili inamlazimisha kukanyaga ambreyaji nusu nusu mpaka itoe moshi.

Ile ya vitesi tano ambayo fundi wako anaitaja, kama ni ya kweli, ni H55F. Vitesi yake ya kwanza ni 4.843 na ya tano ni 0.845. Sasa unaona? Kama gari lako lina H41, H55F haikuongezei nguvu yoyote ya kupanda. Unachonunua ni ya tano tu. Hiyo ya tano ina faida yake barabarani: pale motere ilipokuwa inapiga mizunguko 3,000 kwenye ya nne, itapiga kama 2,500 kwa mwendo ule ule, kelele inapungua na mazutu pia. Lakini faida hiyo ni ya mtu anayekwenda Kasindi kila juma. Kama gari lina H42, hapo naungana na kaka yako bila kusita, maana utapata ya kwanza fupi na ya tano ndefu kwa mara moja.

Utajuaje unayo ipi? Mwambie fundi afungue propela ya nyuma, aweke vitesi ya kwanza, transfa, ile bwate ndogo ya kupunguza mwendo, iwe kwenye upande wa juu. Piga alama ya chaki kwenye puli ya motere na nyingine pale bwate inapotokea nyuma. Azungushe motere kwa ufunguo, wewe uhesabu. Karibu mara tano kwa mzunguko mmoja wa nyuma, ni H41, na Mungu ambariki baba yako. Mara tatu na nusu, ni H42.

Hesabu hiyo hiyo uende nayo kwa muuzaji wa piesi, awe Butembo au Kisekka kule Kampala, ambako piesi nyingi za mitumba zinatoka kabla ya kupita Kasindi. Bwate ikiwa chini sakafuni ni rahisi zaidi: unazungusha shafti ya mbele kwa mkono. Kwenye ya tano, shafti ya mbele isifikishe mzunguko mzima wakati ya nyuma imemaliza mmoja. Wapo watu watakaokuuzia bwate ya vitesi tano ya Hilux ya silinda nne na kuapa kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Ni nyepesi, haikutengenezwa kwa motere yako, na kuiunganisha ni kazi ya kulehemu vitu ambavyo havikutaka kukaa pamoja. Usikubali hata kwa bei ya bure.

Kisha mwage mafuta yake mbele yako. Kwenye sumaku ya kizibo, unga laini wa kijivu si tatizo. Vipande vya chuma ni meno au bering zinazovunjika; vumbi la rangi ya dhahabu ndani ya mafuta ni ringi za shaba zinazokwisha. Wewe funga mkoba wako. Shika shafti ya nyuma uitikise. H55F ina ugonjwa unaojulikana: meno ya shafti pale inapoingia kwenye transfa yanaliwa taratibu, na gari likishafungwa utasikia “kah!” kila shofere anapokanyaga na kuachia. Mtu akikuambia huo mlio ni wa kawaida, mwombe akupe bwate nyingine.

Kampala usukani uko kulia, kwetu uko kushoto. Angalia fimbo ya vitesi imepinda kuelekea wapi kabla hujalipa.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi mpaka gari liko hewani. Bwate haitoki peke yake. H55F si sawa kwa urefu na ya zamani, kwa hiyo propela za mbele na nyuma zitakatwa au kurefushwa. Hiyo kazi iende kwa turneri mwenye tur, si kwa mtu wa kulehemu chini ya mwembe. Propela iliyolehemiwa ikapinda kidogo hutetemesha gari zima na kula misalaba yake mmoja baada ya mwingine, na ukiwa Musienene saa kumi na mbili jioni na viazi nyuma, utanikumbuka. Diski ya ambreyaji nayo: hesabu meno ya shafti ya mbele ya bwate mpya, yasipolingana na diski uliyonayo, ununue diski siku ile ile. Tundu la fimbo sakafuni huenda likahitaji kuhamishwa. Hayo yote yaingie kwenye bei kabla ya boliti ya kwanza kufunguliwa.

Na freni ya mkono. Hapa nataka usome polepole. Kwenye Land Cruiser za umri wa lako, freni ya mkono haikamati magurudumu; inakamata ngoma iliyo nyuma ya transfa, pale propela ya nyuma inapoanzia. Ukileta bwate pamoja na transfa iliyotolewa kwenye Land Cruiser staesheni ya baadaye, ambayo freni yake ya mkono iko kwenye magurudumu, ngoma hiyo haipo. Gari litaondoka garajini likienda vizuri kabisa, bila freni ya mkono. Nani atalipa? Yule kijana wa mzigo anayeruka chini na kipande cha mti kukiweka nyuma ya tairi kila mnaposimama mlimani. Ni mtoto wa mtu. Ngoma ya zamani ihamishiwe kwenye transfa mpya, au transfa ya zamani ibaki, na kabla hujatoa pesa ya mwisho gari lisimame kwenye mteremko likiwa limejaa, freni ya mkono peke yake, wewe ukitazama.

Mafuta ya bwate: GL-4. GL-5 ina dawa inayoweza kula shaba ya zile ringi. Soma kopo mwenyewe, usisomewe.

Ushauri wangu kwako wa Kipese, sasa. Kama hesabu ya chaki inakupa tano na safari zako ni Kipese na Butembo tu, tengeneza bwate ya baba: ringi mpya, bering mpya, sili mpya. Vitesi ya pili inayoruka ni ugonjwa wa kutibika. Pesa itakayobaki weka kwenye freni na tairi. Kama umeanza kuteremka Beni na Kasindi kwa mzigo, tafuta H55F nzima, na umwambie shofere wako kwamba kutoka Butembo kwenda Beni, gari likiwa limejaa, ya tano haiguswi kwenye mteremko. Motere ndiyo inayozuia gari, freni zinasaidia tu.

Siku ya kufungua, uwe pale. Vaa viatu vya kazi, chukua daftari, keti. Watazungumza juu ya kichwa chako mwanzoni. Uliza tu tena, mpaka fundi ajibu akikutazama wewe, si kaka yako. Bwate ya zamani ni mali yako, irudi nyumbani hata ikiwa vipande, maana piesi zake zina bei. Safari za kwanza ziwe bila mzigo, kisha boliti zote zikazwe upya na mafuta yamwagwe, uangalie ile sumaku tena.

Niandikie hesabu ya chaki imetoka ngapi, kabla hujampa fundi dola hata moja.