Tukihamia Juu, Tutajulikanaje?

SWALI: Mafuriko yakitulazimu kuhama, majina na haki zetu vitasalimika? — Msomaji, Mbwera.

JIBU: Ndugu yangu, nambari ya kitambulisho cha taifa, ambayo tarakimu zake za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa kwako, haibadiliki uhamapo; la kuhadhari ni daftari la wakazi. Wazee wa bonde la Rufiji, walipohamishwa baada ya mafuriko ya 1968, waliyaacha mashamba yao nyuma. Basi, kabla ya safari, nakilini daftari jina kwa jina, pamoja na kitongoji cha asili na mipaka ya shamba, mashahidi watie sahihi, nakala moja ibaki kwenu. Wanawake nao, nasisitiza, waandikwe kwa majina yao wenyewe, si kwa ya waume, maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imewapa haki sawa.