Mstari wa Skrini na Mshororo wa Muyaka

Makala haya yanajadili tatizo la kiufundi ambalo athari yake kwa matini ya kishairi si ndogo. Muyaka bin Haji alitunga Mombasa enzi za watawala wa Mazrui, waliokuwa na makao yao Ngome ya Yesu, ukingoni mwa Mji wa Kale. Tungo zake zilihifadhiwa katika miswada ya hati za Kiarabu, kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na mwaka 1940 William Hichens akazichapisha. Anayezinakili leo kwa hati za Kirumi hufanya kazi hiyo kwenye kompyuta.

Tuchukue kihariri matini cha Emacs. Mnakili anataka kuweka kinyota mwanzoni mwa kila mshororo. Anarekodi makro: andika kinyota, shuka mstari mmoja, rudi mwanzo wa mstari. Kisha anairudia mara nne kwa ubeti mmoja. Dirisha likiwa pana, kazi hukamilika vyema. Akilifinya ili picha ya mswada ipate nafasi kando, mshororo wa mizani 16 hukunjika ukawa mistari miwili ya skrini. Hapo kielekezi hushuka kutoka ukwapi hadi utao wa mshororo ule ule, kisha hurudi mwanzoni mwake. Vinyota vyote vinne hurundikana kwenye mshororo wa kwanza!

Chanzo ni kipengele kiitwacho line-move-visual, kilichoingia na kuwashwa katika toleo la 23 la mwaka 2009. Kabla ya hapo, kushuka kulifuata mistari ya matini. Vim hutenganisha mambo haya: j hufuata mstari wa matini, gj hufuata wa skrini. Makro hurekodi vibonye tu. Nia ya mnakili haimo. Ajabu ni kwamba sisi tunaobishana kutwa kuhusu mshororo na kipande hatuiulizi mashine inaposema “mstari” inakusudia upi.

Tiba ni kukipa kipengele hicho thamani ya nil kabla ya kuitumia makro. Vinginevyo, makro yenyewe ipeleke kielekezi mwisho wa mstari kwanza, ndipo ishuke. Njia hii ni bora zaidi kwa kuwa haitegemei kompyuta ya nani inatumika. Hata hivyo, vinyota vihesabiwe ubeti kwa ubeti kabla ya matini kupelekwa kwa mchapishaji.