Kurejea Sahani ya Nyumbani Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka wa 2014 ulionyesha kuwa karibu mwanamke mmoja kati ya watatu nchini Kenya, wa umri wa miaka 15 hadi 49, alikuwa na uzito uliopita kiasi. Wengi wanaweza kusaidiwa kwa lishe, mazoezi na dawa. Wachache, hasa wenye uzito mkubwa sana au walio na kisukari na shinikizo la damu pamoja na uzito huo, hushauriwa na daktari kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo.

Upasuaji huo hufanywa katika hospitali chache, nyingi zikiwa katika miji mikubwa. Baada ya siku chache mgonjwa huruhusiwa kwenda nyumbani, na kazi ya kula huanzia huko: jikoni kwake, harusini, matangani, na kwenye kibanda cha chakula karibu na kazini. Somo hili linaeleza jinsi vyakula vya kawaida vinavyorudi polepole, kwa nini hamu yake huwa kali, na jamaa wanavyoweza kusaidia.

MFANO WA KUFUNDISHIA

Mama wa miaka 42 mwenye kisukari alifanyiwa upasuaji akarudi nyumbani salama. Katika wiki ya tano wifi yake alimtembelea akiwa na chapati na mchuzi wa nyama.

"Wifi, nimeamka alfajiri kukupikia," alimwambia. "Hata moja tu?"

Mama huyo alikuwa hajaonja chapati tangu alazwe. Alikula nusu kwa dakika tano, akashushia na chai. Mara kifua kikabana, mate yakajaa kinywani, na pua ikaanza kutiririka. Alitoka nyuma ya nyumba akatapika. Kwa aibu hakumwambia mtu. Kesho yake alijaribu tena, akatapika tena. Wiki nzima ikapita hata maji yakimshinda.

Makosa hapa ni manne: chakula kilikuja kabla ya wakati wake, kililiwa kwa haraka, kilishushwa kwa kinywaji, na mgonjwa alinyamaza. Kosa la nne ndilo la hatari kuliko yote, kama itakavyoelezwa.

TUMBO LIMEBADILIKA VIPI

Kuna njia mbili zinazotumiwa zaidi. Katika ya kwanza, daktari hukata na kuondoa karibu robo tatu ya tumbo au zaidi, na kubakisha sehemu nyembamba kama mrija. Katika ya pili, hutengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, cha takriban mililita 30, yaani kama vijiko viwili vya chakula, kisha hukiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo.

Kwa njia zote mbili, nafasi ya chakula huwa ndogo sana. Kwa hiyo, kila tonge lina thamani: likiwa la wanga mtupu, mwili hukosa protini ya kuponya kidonda na kulinda misuli. Wataalamu wengi wa lishe hulenga gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na angalau lita moja na nusu ya maji, yakinywewa kidogo kidogo kutwa nzima.

HAMU SI ULAFI

Baada ya upasuaji njaa ya tumbo hupungua, kwa sababu homoni inayoamsha njaa hutolewa kwa kiasi kidogo. Lakini hamu haikai tumboni peke yake. Hukaa kwenye harufu ya kitunguu kinachokaangwa, kwenye sauti ya mwiko ukisonga ugali, na kwenye kumbukumbu ya Jumapili familia ilipoketi pamoja. Nyumba nyingi nchini huhesabu kuwa mtu hajala mpaka ale ugali. Anayeambiwa asiuguse kwa wiki kadhaa huhisi ametengwa na wenzake.

Huzuni hii ni ya kawaida, na wagonjwa wengi huipitia katika miezi ya kwanza. Inafaa itajwe wazi kwa jamaa na kwa mhudumu wa afya. Anayeificha huishia kula kwa siri, na anayekula kwa siri hula haraka.

Ladha nayo hubadilika. Chai iliyokuwa sawa huonekana tamu mno, na nyama iliyopendwa hunuka vibaya. Mara nyingi hali hii hutulia baadaye.

HATUA ZA KURUDISHA CHAKULA

Ratiba ya hospitali iliyofanya upasuaji ndiyo ya kufuatwa. Kwa kawaida huwa na hatua nne:

1. Wiki ya kwanza hadi ya pili: vinywaji tu. Maji, supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta mengi, na uji mwepesi usiotiwa sukari.

2. Wiki ya tatu na ya nne: chakula kilichosagwa kikawa laini kabisa. Ndengu au maharagwe yaliyopondwa na kuchujwa maganda, samaki aliyesagwa na mchuzi, maziwa lala, boga lililopondwa.

3. Wiki ya tano hadi ya nane: chakula laini kinachopondeka kwa uma. Yai, samaki asiye na miiba, nyama ya kusaga yenye mchuzi, viazi vilivyochemshwa, mboga za majani zilizoiva vizuri.

4. Kuanzia wiki ya nane hivi: vyakula vya kawaida, kimoja kimoja, kwa kiasi kidogo.

Kuruka hatua si ushujaa. Mishono ya ndani haionekani, na ngozi ya nje inaweza kupona ilhali tumbo bado.

JINSI YA KUJARIBU CHAKULA KIPYA

Chakula kimoja kipya hujaribiwa kwa siku moja, vijiko viwili au vitatu, nyumbani, siku ambayo mtu hana haraka. Vikijaribiwa viwili pamoja na tumbo likakataa, haitajulikana mkosaji ni nani. Tonge liwe dogo kama ukucha wa kidole gumba, litafunwe mara 20 au zaidi mpaka liwe kama uji, kisha kijiko kiwekwe chini kabla ya tonge lingine. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Kinywaji kisubiri nusu saa baada ya kula.

Dalili ya kushiba sasa haiko pale ilipokuwa. Kwa wengine ni kifua kubana, kwa wengine ni kwikwi, chafya au pua kutiririka. Dalili hiyo ikija, tonge lililobaki halina kazi tena.

Chakula kikikataliwa, kiandikwe kwenye daftari na kijaribiwe tena baada ya wiki moja au mbili. Kukataliwa leo hakumaanishi kukataliwa milele.

VYAKULA VYA NYUMBANI

Ugali. Hurudi mwishoni mwa mlo. Mgonjwa aanze na protini, afuate mboga, kisha amalizie kwa ugali laini matonge machache, akibaki na nafasi. Akianza na ugali, hatafika kwenye samaki.

Chapati, mkate na mandazi. Vyakula vya ngano laini hugeuka kuwa donge tumboni, ndiyo maana hukwama. Chapati nyembamba iliyokauka kidogo huingia vizuri kuliko nene yenye mafuta. Robo inatosha kuanzia.

Nyama. Nyama choma ni miongoni mwa vyakula vinavyokwama zaidi, kwa kuwa ni kavu na ina nyuzi. Samaki, mayai na kuku aliyechemshwa hutangulia. Omena waliosagwa na kutiwa kwenye mchuzi ni protini ya bei nafuu, na wana kalsiamu.

Githeri na maharagwe. Mahindi makavu yana ganda gumu. Maharagwe yaliyopondwa hutangulia, na githeri iliyochemshwa mpaka ikalainika hufuata baada ya miezi kadhaa.

Chai. Inaruhusiwa bila sukari nyingi, lakini si pamoja na mlo wala pamoja na tembe za madini ya chuma, kwa sababu chai huzuia chuma kuingia mwilini. Tembe za chuma na za kalsiamu pia hupishana kwa saa mbili.

Matunda. Papai na ndizi mbivu ni rahisi. Nyuzi za miwa, za maembe na ngozi nyeupe ya machungwa zisimezwe, zinaweza kushikana na kuziba njia.

Soda na pombe. Gesi ya soda huleta maumivu, na sukari yake ni nyingi. Pombe huingia kwenye damu haraka kuliko zamani. Bilauri moja ya mnazi au busaa yaweza kumlevya mtu ambaye awali ilikuwa haimgusi, na kumweka hatarini barabarani.

KINACHOKWAMA NA KINACHOTELEZA

Watu wengi huogopa chakula kinachokwama. Hicho hujitangaza chenyewe. Mtego mwingine ni chakula kinachoteleza: krispi, biskuti, aiskrimu, chai tamu. Huyeyuka mdomoni, hakibani kifua, na mtu anaweza kuendelea kukila saa nzima bila kushiba. Kwa njia hiyo uzito huweza kurudi, ingawa kila mlo unaonekana mdogo. Kwa hiyo swali la kujiuliza haliishii kwa "Je, kimepita?" Liendelee: "Je, kimenishibisha, na kimenipa protini?"

Sukari nyingi pia huweza kushuka kwenye utumbo kwa kasi, hasa kwa aliyetengenezewa kifuko. Ndani ya nusu saa mtu hutokwa na jasho, moyo hudunda, tumbo hukata na kuharisha. Wengine hupatwa na kizunguzungu na kutetemeka saa moja hadi tatu baadaye, sukari ya damu inaposhuka.

Wenye kisukari wana jambo la ziada. Baada ya upasuaji sukari yao huweza kushuka upesi, na kipimo cha dawa hubadilishwa na daktari. Wasiendelee na kipimo cha zamani bila kuuliza, wala wasiache dawa wenyewe.

WAJIBU WA JAMAA

Mwenyeji anayemlazimisha mgonjwa kula hufanya hivyo kwa upendo, lakini madhara yake ni yale yale. Jamaa wanaweza kufanya haya:

- Wampakulie kwanza, kwenye sahani yake ndogo. Penye sinia moja la watu wengi ni vigumu kupima kiasi.
- Wasihesabu matonge yake mbele ya wageni, wala wasimwite mgonjwa wa kujitakia.
- Wapike chakula kimoja cha nyumba nzima na kumtolea chake kabla ya kuongeza mafuta, badala ya kumtenga kwa chungu chake kila siku.
- Wamwite mezani hata kama hali. Mazungumzo pia ni sehemu ya mlo.

Anayetaka kufunga kwa ajili ya ibada, iwe Ramadhani au Kwaresima, azungumze na daktari wake mapema, hasa katika mwaka wa kwanza, kwa sababu ya maji na vitamini.

DALILI ZISIZONGOJA

Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja akiwa na lolote kati ya haya: maumivu makali ya tumbo, homa, moyo kwenda mbio, kupumua kwa shida, mguu kuvimba na kuuma, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au kushindwa kunywa maji.

Kutapika kwa siku kadhaa si jambo la kuvumilia. Mwili huishiwa vitamini B1 ndani ya wiki chache, na mishipa ya fahamu huweza kuumia daima. Ishara zake ni kuyumba, kuona vitu viwili viwili, kuchanganyikiwa na ganzi miguuni. Mhudumu aambiwe wazi kwamba mtu huyu alifanyiwa upasuaji wa tumbo, kwa sababu si kila kituo kitajua bila kuambiwa. Aambiwe hivyo pia kabla ya kuandika dawa za maumivu: ibuprofeni na diklofenaki huweza kuleta vidonda, hasa kwa mwenye kifuko.

Tembe za vitamini na madini ni za maisha yote, pamoja na vipimo vya damu kama daktari atakavyopanga. Kujisikia vizuri si sababu ya kuziacha.

MWISHO WA MFANO

Mama wa mfano wetu hatimaye alimweleza mhudumu wa afya wa kijiji chake, naye akampeleka hospitali. Aliongezewa maji na vitamini, akarudishwa kwenye chakula kilichosagwa, kisha akapanda ngazi upya. Mwezi wa sita wifi yake alikuja tena na chapati.

"Wifi, leo sikukatalii," alimwambia. "Nikatie robo, na unipe muda."

Alikula maharagwe kwanza, kisha robo ile, kwa nusu saa nzima. Chai ilibaki kwenye chupa mpaka baadaye. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chake sasa ni kidogo.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Kwa nini ugali huliwa mwishoni mwa mlo?
2. Chakula kinachokwama na kinachoteleza vinatofautianaje, na upi ni mfano wa kila kimoja?
3. Mgeni akimlazimisha mgonjwa kula, jamaa watasema nini bila kumvunjia mgeni heshima?
4. Mgonjwa akitapika kwa siku mbili mfululizo, nani ataambiwa kwanza, na atapelekwa wapi?

Wakazi wenye maswali kuhusu lishe baada ya upasuaji wanashauriwa kumwona mtaalamu wa lishe katika hospitali ya kaunti iliyo karibu nao, wakiwa na barua ya hospitali iliyowafanyia upasuaji na daftari la vyakula walivyojaribu.