Sauti isitoke, sauti isirudi: somo la kitenzi katika chumba cha sinema

Mwaka jana yaya wangu aliamua kugeuza chumba kimoja cha nyumba yetu, hapa Lubumbashi, kuwa chumba cha sinema. Ni chumba cha mita 5 kwa 4, chenye kuta za matofali ya kuchoma, sakafu ya simenti na plafo ya mbao chini ya mabati. Ng'ambo ya ukuta analala mama, ambaye huamka alfajiri kwenda soko. Kwa sababu yake, yaya alimwambia fundi: «Papa, uzuie sauti.»

Fundi alibandika sponji ukutani, akatundika pazia nzito, akatandika zulia. Usiku wa kwanza maneno ya filamu yalisikika wazi kuliko zamani. Lakini mama hakulala. Asubuhi yaya alidai arudishiwe pesa. Fundi alijibu kwamba kazi aliyotumwa ameifanya. Nikaitwa niwaamue, kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma mambo ya lugha. Niliona kwamba wote wawili walisema kweli.

Tuchunguze kitenzi chenyewe. «Kuzuia sauti» kunataja kitu kinachozuiwa, lakini hakusemi kinazuiwa kufanya nini. Sauti ikigonga ukuta, sehemu yake hurudi chumbani, sehemu humezwa na ukuta, sehemu hupita upande wa pili. Kwa hiyo amri ya yaya ilikuwa na maana mbili zilizofichika, na kila moja ina dawa yake:

1. Sauti isirudi. Dawa ni vitu laini vinavyoimeza: zulia, pazia, viti vya kitambaa, sponji nene. Mwangwi hupungua na maneno husikika vizuri.

2. Sauti isitoke. Dawa ni uzito na kuziba nafasi: ukuta mzito, mlango wa mbao nzima, mpira pembeni mwa mlango. Sponji ni nyepesi, hivyo sauti huipenya.

Kifaransa cha mafundi hutenganisha mambo hayo kwa majina: «correction acoustique» kwa la kwanza, «isolation acoustique» kwa la pili. Kiswahili kinaweza kuyatenganisha kwa vitenzi viwili vya kila siku na kiambishi -si- cha kukanusha. Hatukuhitaji kuunda istilahi mpya. Tulihitaji kumaliza sentensi.

Baada ya hapo tulichora mpango upya, kila mstari ukiwa na kitenzi chake. «Mtazamaji aone bila kuchoka macho»: televizio ya inchi 55 ina sentimita 140 kutoka pembe hadi pembe, na kiti huwekwa mbali mara 1,2 hadi 1,6 ya kipimo hicho, yaani karibu mita 1,7 hadi 2,2. «Maneno yatoke kwenye kioo»: bafle ya katikati iwe chini au juu ya televizio, na zile mbili za mbele ziwe digrii 30 kushoto na kuume kwa anayekaa. «Sauti imzunguke»: bafle mbili za pembeni ziwe karibu digrii 110, nyuma kidogo ya masikio yake.

Ilibaki «sauti isitoke». Tulipopanda juu ya plafo tuliona kwamba ukuta kati ya vyumba viwili uliishia hapo hapo, bila kufika kwenye mabati. Sauti ilipita juu na kushuka kwa mama. Tulipandisha matofali hadi mabatini, tukaziba nyufa, tukabadilisha mlango. Fundi alilipwa kazi zote mbili, kwa kuwa zilikuwa mbili kweli.

Sauti nene za ngoma bado hupita kidogo, maana ndizo ngumu kuliko zote kuzuia. Basi yaya hupunguza bafle ya besi ikifika saa tatu usiku, na mama hulala.

Ndugu wasomaji, tunapobishana darasani kama Kiswahili kinafaa kwa ufundi, tunahesabu majina yanayokosekana. Mfano huu unatuonyesha pa kuangalia pengine. Ukimwagiza fundi kazi, mwambie pia kitu hicho kisifanye nini, kielekee wapi, na kwa ajili ya nani. Mahali ulipoacha kimya, fundi atapajaza kwa maana yake, nawe utalipa.