Mbwa Akinyonyoka Manyoya, Tazama Sahani Yake Kwanza

Mbwa anayelishwa ugali mtupu hukauka ngozi na manyoya yake hupoteza mng'ao, kwa kuwa protini na mafuta havimtoshi. Kabla ya kununua virutubisho vya chupa, mfugaji amchanganyie ugali huo na omena waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu, ambacho ni sumu kwa mbwa na paka. Omena wana protini na mafuta ya omega-3. Yai pia lafaa, ila lipikwe: ute mbichi hunasa biotini, vitamini muhimu kwa ngozi. Paka naye lazima apate nyama au samaki. Ugali pekee haumfai hata kidogo. Mabadiliko huonekana baada ya wiki kadhaa.

Mbwa akijikuna usiku kucha, huenda tatizo si chakula. Viroboto na upele haviponi kwa vitamini, na upele wa mbwa unaweza kuwawasha watoto wanaocheza naye. Apelekwe kwa daktari wa mifugo. Oili chafu ya gari, ambayo wengine bado humpaka, humdhuru anapojilamba. Dawa ya viroboto vya mbwa yenye permethrini isipakwe paka kamwe: yaweza kumuua.